Sahani Iliyorudi Safi

Tulipomaliza kuondoa matanga ya mama, na ndugu wa mbali wakaanza kufunga mizigo yao, niliingia katika jiko lake la nje nikamkuta mtoto wa paka amelala katikati ya mafiga. Majivu yalikuwa yamepoa tangu siku ya msiba, kwa kuwa wakati wote wa kilio kulipikwa uani, kwenye masufuria ya kuazima, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuwasha moto wa mama. Paka alikuwa na rangi ya majivu yale yale, hivyo sikumwona mpaka alipofumbua macho. Hakukimbia. Alinitazama, akakitazama kigoda cha mama kilichokuwa nyuma yangu, kisha akanitazama tena, kama mtu anayelinganisha uso na picha.

Nilimwita mdogo wangu wa kiume aje amwone. Yeye ndiye aliyebaki kijijini Idodi sisi wengine tulipoondoka. Nyumba yake iko ng'ambo ya shamba la mama, umbali wa kupaza sauti.

"Huyo? Mama yake alipotea wakati wa mavuno," alisema. "Nilidhani na huyu amekwenda naye."

"Nani alikuwa anamlisha?"

"Amlishe nani, dada? Umesahau sheria ya nyumba hii?"

Sikuwa nimeisahau. Paka wa kihenge halishwi: hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya mama, na tuliijua kabla hatujajua kusoma. Paka aliyeshiba hulala, alisema, na paka akilala panya hupanda kihengeni wakala mahindi ya watoto. Tulipothubutu kumdondoshea paka mkia wa samaki, tulipigwa mwiko mgongoni mwa mkono, si kwa hasira, bali kwa namna mtu anavyofunga mlango uliosahauliwa wazi. Kwa hiyo paka wetu walikuwa wembamba, wenye macho makali, na hawakuwa na majina. Walikuja, wakafanya kazi, wakaondoka. Sikuwahi kumwona mama akimgusa hata mmoja.

Lakini huyu aliyelala kwenye mafiga, ingawa tumbo lilikuwa limebonyea kwa siku za msiba, alikuwa na manyoya laini yanayong'aa. Mtu aliyekulia kijijini anayafahamu manyoya ya paka anayejitafutia. Haya hayakuwa hayo.

Mdogo wangu hakuliona hilo, au hakutaka kuliona. Alikuwa amechoka. Katika siku zile zote za kilio alikuwa na sentensi moja aliyoirudia kwa kila mwombolezaji aliyempa mkono, na hata pale jikoni aliirudia kwangu, akiwa ameegemea mwimo wa mlango: "Angalau mama alikuwa anakula. Mke wangu alimpelekea sahani kila mchana, na kila siku sahani ilirudi safi."

Nikamwambia nataka kumchukua yule paka niende naye Mbeya.

"Mchukue. Lakini akikomaa umrudishe. Kihenge hakiwezi kukaa bila paka."

"Nitamrudisha."

Sijui hasa kwa nini nilimtaka. Nyumba yangu ya Ilomba, kule Mbeya, iliwahi kuwa na watu watano; sasa watoto wako vyuoni na makazini, baba yao yuko kaburini, na mimi nafundisha kemia, narudi, nafunga geti. Huenda nilitaka kitu kinachopumua. Lakini nadhani sababu ya kweli ilikuwa kile kitendo cha kukitazama kigoda. Yule paka alikaa na mama katika wiki zake za mwisho, wiki ambazo mimi nilizisikia kwa simu tu. Alijua jambo nisilolijua. Nilitaka aishi.

Nilimbeba ndani ya kikapu cha ukindu nilichokifunika kwa kitenge cha mama, kile cha jikoni, chenye harufu ya moshi na mafuta ya alizeti. Kutoka Iringa mjini alinyamaza kabisa, hata nikawa naingiza mkono mara kwa mara kuhakikisha kwamba bado ana joto. Basi liliposimama Mafinga, mbele ya maghala ya mbao, harufu ya misonobari iliyopasuliwa ikaingia madirishani pamoja na sinia za mayai ya kuchemsha na kuku wa kukaanga. Hapo ndipo alipoanza kulia. Nilinunua yai, nikalimenya, nikampa kiini kwenye kidole. Alikinusa, akalamba mara moja, kisha akainua kichwa akaanza kutafuta. Alitazama kiti cha mbele, cha nyuma, uso wa abiria aliyekaa kando yangu. Akalia tena.

"Mama, huyo mtoto amekatiwa tiketi?" kondakta aliuliza.

"Mwache," alisema abiria yule, mwanamke mtu mzima aliyekuwa akimenya yai lake mwenyewe. "Halii njaa huyo. Analia kama mfiwa."

Watu wakacheka kidogo. Mimi nilikifunika kikapu.

Ilomba ilitupokea kwa baridi. Ulikuwa msimu ule ambapo ukungu hushuka kutoka milimani na kukaa barabarani hadi watoto wamekwishaingia madarasani, na mtu aliyetoka joto la Idodi huhisi kama amefungwa kitambaa chenye maji usoni. Nilitandika kitenge cha mama kwenye boksi karibu na jiko la mkaa, nikampa paka maziwa ya ng'ombe ya vuguvugu, kama ambavyo kila mtu angefanya. Aliyanywa kwa pupa. Kesho yake aliharisha hadi miguu ya nyuma ikawa inayumba.

Daktari wa mifugo niliyempelekea alikuwa kijana mpole, mwenye haraka. Alimpima, akampa dawa ya minyoo, akaniambia maziwa ya ng'ombe niyaache kabisa, maana paka wengi hayawakubali tumboni. Anachohitaji ni nyama, samaki, mayai yaliyoiva na maji safi, bila chumvi, bila vitunguu. Apewe kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku, kwa kuwa anakua.

"Na ugali?"

"Ugali uwe kidogo sana. Ugali unamjaza tumbo, haumjengi mwili. Kuna chakula cha paka cha mifuko, lakini..." Alinitazama viatu, akaacha sentensi pale pale.

Alikuwa sahihi kuiacha. Mshahara wa mwalimu mwenye watoto chuoni haununui chakula cha paka cha mifuko. Lakini niliondoka pale nikiwa na matumaini, maana chakula alichokitaja kilikuwepo sokoni, cha bei ya kawaida, kwa mtu asiyeona aibu kuomba vile ambavyo wengine wanavikataa.

Nilinunua usipa, wale samaki wadogo wakavu wanaopanda kutoka Kyela, nikachagua wasiotiwa chumvi, nikawaloweka, nikaosha mchanga, nikawachemsha. Alinusa, akala mdomo mmoja, akaacha. Nilinunua maini ya kuku. Akalamba damu yake, akaacha. Nilichemsha yai nikaliponda. Akalizunguka. Kila mara ilikuwa hivyo hivyo: alikimbilia bakuli kwa kilio cha njaa, akainamisha kichwa, akaonja, kisha akasimama ghafla kama aliyesahau jambo, akageuka kutazama mlango. Alisubiri. Mlangoni hapakuwa na mtu. Baada ya muda aliondoka, akaenda kulala kwenye kitenge akiwa amekipa chakula mgongo.

Nilijaribu kumwekea bakuli na kuondoka. Nilijaribu kumlisha kwa mkono. Nilibadilisha bakuli la plastiki nikaweka la bati, kwa kudhani kwamba huenda aliyazoea mabati ya mama. Mbavu zake zilianza kuhesabika chini ya vidole vyangu. Usipa ule uliokataliwa ulikauka kwenye bakuli, na mimi nilikuwa nakula chakula changu pale pale jikoni nikiwa nimesimama, sahani juu ya rundo la karatasi za mitihani, jicho moja kwenye majibu ya wanafunzi na jingine kwa paka.

Nyumba ilikuwa na ukimya wa namna yake katika siku zile. Nilikuwa nikisikia mwiko ukigonga ukingo wa sufuria, mara mbili, jinsi mama alivyokuwa akiukung'uta ugali, nikigeuka, kumbe ni bati la paa linalojikunja kwa jua la asubuhi. Paka pia aligeuka. Hilo ndilo lililonisumbua. Mtu aliyefiwa husikia mambo, nilijiambia. Lakini masikio ya paka hayana huzuni yangu, na yalikuwa yanageukia upande ule ule.

Jirani yangu aliyaona mambo hayo siku moja alipokuja kuazima ungo. Ni mwanamke ambaye babu yake alitoka pwani na biashara ya nguo akafia hapa hapa Mbeya, na yeye bado anaongea Kiswahili kilichonyooka kuliko sisi tulioanza na lugha za nyumbani. Alisimama akamtazama paka, na paka akawa anatazama kona tupu iliyo karibu na mlango.

"Mwalimu, huyu anamwangalia nani pale?"

"Hamwangalii mtu."

"Paka wa marehemu huyu. Ungemwacha kwao." Kisha aliniona uso, akalainisha sauti. "Sisemi kwa ubaya. Lakini na wewe unavyomkodolea macho, utadhani unasimamia mtihani. Nani atakula akiangaliwa hivyo?"

Jumapili iliyofuata, niliporudi kutoka kanisani, alinikuta tena jikoni nikiwa nimesimama na sahani mkononi. Alikuwa amekuja na bakuli la wali na samaki wa mchuzi, kama anavyofanya mara moja moja tangu nifiwe. Aliitazama sahani yangu, akaitazama sinki niliyoiegemea.

"Mimi sili nimesimama kama ng'ombe zizini," alisema. "Tandika mkeka."

Nilitandika. Tulikaa sakafuni, tukanawa, tukaweka bakuli katikati. Nilikuwa nimesahau jinsi dari inavyokuwa juu mtu anapokaa chini nyumbani kwake. Jirani yangu alifinyanga tonge la kwanza akalitia mdomoni, na nami nikafuata. Hapo paka akatoka chini ya kabati. Alikuja polepole, akapita kati yetu, akaketi mbele ya bakuli lake la bati lililokuwa na usipa alioukataa tangu asubuhi, akainamisha kichwa, akala. Alikula wote. Akalamba na bati.

Jirani yangu alishusha mkono. "Kumbe alikuwa anasubiri kukaribishwa," alisema, akacheka peke yake.

Mimi sikuelewa. Nilidhani ni harufu ya samaki wake wa mchuzi iliyomwamsha hamu. Kesho yake nikaenda sokoni nikanunua samaki wa aina ile ile, nikamtengea paka kipande kisicho na viungo, nikasimama pale sinkini nikala changu. Akaonja. Akageukia mlango. Akalia kilio kile kile cha Mafinga.

Jioni hiyo, jua likiwa bado ukutani, nilimpigia simu shoga wa mama. Yeye na mama walikuwa wamelima mpunga pamoja tangu mimi sijazaliwa, na ndiye aliyemfunga mama kanga ya mwisho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kamwene."

"Kamwene," niliitikia salamu ya kwetu. "Mama, nataka kukuuliza jambo la kipuuzi. Yule paka mdogo wa nyumbani alikuwa anakula nini?"

Nilimsikia akifukuza kuku, kisha akifunga mlango.

"Alikuwa anakula chakula cha mama yako," alisema.

"Mama hakuwa analisha paka."

"Mama uliyemwacha wewe hakuwa analisha. Huyu wa mwisho alikuwa analisha. Alianza na yule mkubwa, alipopotea akabaki na huyu. Sahani ikiletwa kutoka kwa mdogo wako, ataiweka chini, atakaa kwenye kigoda, atafunua kawa. Halafu anasubiri. Paka akija, ndiyo anaanza. Yeye tonge, paka tonge. Niliwakuta hivyo mara nyingi. Nikamwambia, wewe umekuwa mtoto? Akaniambia chakula cha peke yake kinamkwama hapa." Nilijua amejigusa koo. "Watu sita aliwapikia, mwanangu. Halafu sahani moja imefunikwa, mchana, nyumba nzima kimya. Hakuweza kuimeza."

"Alikuwa anampa kiasi gani?"

"Ukishajua itakusaidia nini?"

"Nataka nijue cha kumlisha."

"Samaki wote," alisema. "Kama ni nyama, nyama. Yeye alikuwa anachovya ugali kwenye mchuzi. Nilimwambia, wewe unawadanganya watoto, wanaona sahani inarudi safi wanafurahi. Akacheka. Si unakijua kile kicheko chake."

Nilikijua. Nilikuwa nimeketi kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba, na kwa muda mfupi sikuweza kuuona ukuta ulio mbele yangu.

"Sikiliza," alisema. "Hakufa kwa njaa. Moyo wake ulichoka, daktari alisema na nyote mlisikia. Usije ukalibeba hilo. Na mdogo wako usimwambie, ana mengi."

"Sitamwambia."

"Na kama paka anakukatalia, kaa chini ule naye. Halafu umwite."

"Nimwite nani? Alikuwa na jina?"

Nilimsikia akipumua.

"Alimwita jina lako," alisema. "Si hilo la kwenye vyeti. Lile la nyumbani."

Mtu halitumii jina lake mwenyewe. Hilo nililigundua mchana uliofuata, nilipoketi kwenye mkeka na ugali wangu, mboga za maboga na usipa, na bakuli la bati pembeni. Lile jina la Kihehe nilipewa na bibi, na waliokuwa wakiniita hivyo walipungua mmoja mmoja, hadi akabaki mama peke yake. Shuleni, kanisani, katika ndoa, ofisini, mimi ni yule wa kwenye vyeti. Wakati jeneza la mama linashushwa sikufikiri kwamba na jina langu linashuka nalo. Na sasa nilitakiwa kulitamka kwa sauti, katika jiko tupu, kumwita kiumbe ambaye labda alikuwa amelisikia mara nyingi kuliko mimi katika mwaka ule.

Sauti ya kwanza haikutoka. Ya pili ilitoka, na haikuwa yangu. Sisemi kwamba palikuwa na mwingine mle ndani. Nasema tu kwamba silabi ya mwisho ilirefuka na kushuka kama alivyoirefusha mama akiwa mlangoni pa jiko, wakati moshi unapita juu ya kichwa chake na sisi tuko mbali mtoni. Nilikuwa sijui kwamba koo langu linaijua njia ile.

Paka alitoka chini ya kabati mara moja. Alitazama mlango kwanza. Nami nilitazama. Tulikaa hivyo, sote wawili, kwa muda ambao sipendi kuukumbuka kwa sababu nilikuwa nasubiri kweli. Kisha akaja, akaketi mbele ya bakuli lake, akanitazama mkono. Nilipotia tonge mdomoni, akala.

Tangu hapo tatizo liligeuka likawa la upande wa pili. Njaa iliyokuwa imefungwa ndani yake ilifunguka yote. Alikula kisha akadai tena. Alikua kana kwamba anavutwa na kamba, leo masikio, kesho miguu. Nami nikajifunza kumlisha. Usipa ulibaki kuwa msingi: niliukausha vizuri baada ya kuuosha, nikautwanga mzima pamoja na miiba yake laini hadi ukawa unga, katika kinu kidogo nilichonunua kwa kazi hiyo, kwa kuwa kile cha zamani kilinuka vitunguu saumu na daktari alikuwa amenionya. Kwa muuza kuku wa sokoni niliomba vichwa na miguu. Nilichemsha hadi nyama ikaachia, nikatoa mfupa mmoja mmoja kwa vidole, maana mfupa uliopikwa hupasuka kama kijiti na kumchoma koo. Supu yake ikiganda ilikuwa kama jeli, na hiyo ilichanganywa na unga wa usipa. Siku ya bucha nilichukua mapupu, na maini kidogo mara moja kwa wiki, si zaidi. Yai moja liligawanywa kati yetu: kiini kwake, ute kwangu. Ugali ulikuwa kiasi cha kushikanisha tu, kama gundi. Maji yalibadilishwa asubuhi na jioni. Muuza kuku alikuwa akinifungia vichwa kabla sijafika kwenye meza yake, akiuliza, "Mwalimu, mgonjwa anaendeleaje?"

Gharama iliyokuwa ngumu haikuwa ile ya sokoni. Ilikuwa ni kuketi. Kila mlo wake ulinitaka sakafuni na sahani yangu, na kila mlo ulinitaka nitamke lile jina. Nilirudi kutoka shule mchana nikapika kwa ajili ya watu wawili. Nilinenepa kidogo. Kitenge cha mama ndani ya boksi kilipoteza harufu ya moshi taratibu, kikachukua harufu ya paka, na siku nilipoinama nisiipate kabisa ile ya zamani nilikaa nacho mapajani hadi kengele ya kanisa ikalia. Sikukifua. Hata sasa sijakifua.

Mdogo wangu alikuja mvua za kwanza zilipokaribia. Alikuwa amenipigia siku chache kabla, akasema ana mzigo wa kuleta Mbeya na atapitia kwangu kumchukua paka, kwa kuwa panya wameanza kutoboa kihenge. Nilisema sawa. Niliahidi, na ahadi ni ahadi. Siku hiyo niliutwanga usipa wa safari, nikaufunga kwenye mfuko wa karatasi, na mkono wangu ukawa mzito kuliko mchi.

Sikumsikia akifungua geti. Nilikuwa nimeketi kwenye mkeka, mlango wa nyuma uko wazi, chakula kimetengwa kwa ajili yetu watatu, nikamwita paka kama kila siku. Nilipoinua macho, mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na kiroba cha unga begani na boksi lenye matundu mkononi. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama nyuma yangu, upande wa jiko la mkaa.

"Nani amekuita?" aliuliza.

"Hakuna. Karibu."

"Nimesikia..." Aliteremsha kiroba. "Nimesikia unaitwa."

"Karibu ule. Umechoka."

Alinawa kwa muda mrefu. Alipoketi, paka alikuwa tayari katikati yetu, ameshiba mwili, mweusi kidogo mgongoni kuliko alivyokuwa Idodi. Mdogo wangu alilitazama bakuli la paka.

"Kumbe unamlisha," alisema, akijaribu kucheka. "Mama angekuchapa mwiko."

"Angenichapa."

"Sasa huyu atanikamatia panya gani? Amekuwa bwana harusi." Alimega ugali, akauzungusha kiganjani. "Nilikuwa namwambia mke wangu njiani... hata jana nilimwambia. Sisi hatuna deni na mama. Alikula vizuri mpaka mwisho. Sahani ilirudi safi."

"Ndiyo," nilisema. "Ilirudi safi."

Alitia tonge mdomoni. Paka akainamisha kichwa akala tonge lake. Mdogo wangu aliacha kutafuna, paka akaacha, akainua uso kumtazama. Akameza, akamega tena, polepole, na macho yake hayakutoka kwa paka. Paka akainama tena. Mara ya tatu alishika ugali mkononi bila kuupeleka mdomoni, na paka akasubiri, amenyoosha shingo, anautazama ule mkono kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea mkono wa mzee.

Nje, watoto wa jirani walikuwa wanagombania baiskeli. Mdogo wangu alinitazama. Nami niliitazama sahani yangu, kwa kuwa nilikuwa nimeahidi kutosema, na sikujua uso wangu ulikuwa umekwishasema kiasi gani.

Alirudi kwenye chakula. Alichovya ugali kwenye mchuzi, akala, akachovya, akala. Kile kipande cha samaki nilichomtengea, kikubwa, cha tumboni, alikisogeza kwa ncha ya kidole hadi ukingoni mwa sahani, akatoa miiba yake yote kwa makini, akakishusha kwenye bati. Paka alikimaliza, akalamba na bati.

Alipoondoka kuwahi gari, boksi lenye matundu lilibaki pale mlangoni lilipowekwa. Nilimkumbusha tukiwa getini.

"Kihenge nitakitafutia paka mwingine," alisema, huku akitazama barabarani. Kisha, akiwa amekwishanipa mgongo, aliniaga kwa lile jina la nyumbani, ambalo hakuwahi kuniita hata tukiwa watoto.

Nilirudi ndani kuosha vyombo. Sahani yake ilikuwa safi.